Ya "ex-UK" 24,000 au mpya 34,000? Binti anaingia Egerton, nisaidieni kuchagua laptopu

Mama Mitumba, Luanda (Vihiga)
Jumapili, saa 2:40 usiku

Mulembe wadau. Naandika kwa simu ambayo kioo kimepasuka upande wa kushoto, kwa hiyo mkiona herufi zimerukana mnisamehe.

Kitinda mimba wangu amepata nafasi Egerton, kule Njoro, kusomea biashara ya kilimo. Barua ya kuitwa haikusema laptopu ni lazima. Lakini dada yake aliyemtangulia chuoni ameniambia, mama, usimpeleke mtoto mikono mitupu, kazi zote zinatumwa kwa mtandao, na kuandika kurasa kumi na tano kwa kidole gumba ni adhabu. Zamu yangu ya chama imefika. Nina 35,000 na sitaki izidi hapo, kwa sababu bado kuna godoro.

Ijumaa nilishuka Kisumu. Duka la kwanza kijana akanitolea HP EliteBook, "ex-UK", Core i5, RAM 8, shilingi 24,000. Nzito kidogo, mwili wa chuma, mfuniko una gundi ya stika iliyobanduliwa. Duka la pili, hatua chache tu kutoka pale, kuna mpya kwenye boksi, plastiki bado haijatolewa, nyembamba, rangi ya fedha, 34,000, waranti ya mwaka mmoja. Imeandikwa Celeron, RAM 4, na 64GB. Kijana wa kwanza anasema ile mpya ni "redio yenye kioo". Wa pili anasema ile ya kwanza ilizikwa Uingereza ikafufukia Kisumu. Nikawaacha wote nikapanda matatu.

Sasa, mimi nauza mitumba huu mwaka wa 19. Mtumba siuogopi. Nikikata belo nikashika suruali, najua kabla sijaikunjua kama ni kamera au ni ya kupangusia meza. (Kwa wasiojua kazi hii, kamera ni nguo ya chaguo la kwanza, haina doa wala haijachujuka. Si kamera ya simu.) Naigeuza ndani nje, naangalia mshono wa kati ya miguu, naangalia kwapa, kola, navuta zipu mara mbili. Hakuna wa kunidanganya. Laptopu naigeuza ndani nje namna gani? Kwapa lake liko wapi?

Nauliza hivi kwa sababu nimeshaumwa. Machi nilimnunulia mtoto wa dada yangu simu ya mkono wa pili hapa sokoni, 6,500, safi kama imetoka dukani. Siku ya kumi na moja ikajifunga yenyewe, kioo kikaandika kwamba malipo hayajakamilika. Kumbe aliyeniuzia aliichukua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku, akala pesa yangu, akaacha kulipa. Hadi leo iko kabatini, tunaitazama tu.

Msinitukane. Niambieni nitazame nini.


Kijana wa Kakamega
Jumapili, saa 2:58 usiku

Mama chukua mpya. Kitu kilichotumiwa na mzungu miaka yote hiyo kina virusi.


Fundi wa Kondele (Kisumu)
Jumapili, saa 4:15 usiku

Mulembe mama, na hongera kwa binti.

Huyo wa Kakamega kwanza. Kijana, virusi havishiki kwenye chuma. Vinakaa kwenye diski, na diski ikifutwa ikawekwa Windows upya, vimeisha. Hiyo kazi huifanya huku nakula mandazi.

Mama, wewe unajua belo linatoka wapi, na hili ni belo tu. Ofisi za Ulaya na Marekani, benki na mashirika makubwa, hazinunui laptopu moja moja. Zinachukua mamia kwa mpigo, mara nyingi kwa kukodi, na baada ya miaka mitatu au minne zinarudishwa zote hata kama hazina kosa. Zinauzwa kwa jumla, zinaingia kontena, zinashuka Mombasa. "Ex-UK" ni jina la sokoni tu, kama ninyi mnavyosema "ya Kanada". Ukitaka kujua kweli ilikaa wapi, angalia kibodi. Ukiona alama ya pauni, £, juu ya namba 3, hiyo ni ya Uingereza. Kama juu ya 3 pana #, huenda ilikuwa Marekani. Ukiona Z imekaa mahali pa Y, ilikuwa kwa Wajerumani. A ikiwa mahali pa Q, Ufaransa. Hakuna ubaya wowote, ila binti asije akalia usiku wa kuandika ripoti akitafuta herufi.

Na kwa nini mimi nazipenda hizi? EliteBook, Latitude za Dell na ThinkPad za Lenovo zilitengenezewa mtu ambaye hakuzinunua kwa pesa yake. Ataiangusha, ataimwagia chai, ataifunga kwa kishindo akikasirika. Kiwanda kinajua hivyo. Ndiyo maana nikizifungua nakuta skrubu za kawaida, RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) nyingi ni za kuchomoa, betri ya kubadilisha, na vipuri naletewa kutoka Nairobi kesho yake. Ile mpya ya 34,000 ilitengenezewa rafu. Sisemi ni mbovu. Nasema kitambaa chake ni chepesi. Hiyo 64GB kwa bei hiyo aghalabu si SSD (diski ya kasi), ni eMMC, kumbukumbu ya aina ile ya simu za bei nafuu, nayo imechomelewa kwenye bodi. RAM 4 vilevile, mara nyingi imechomelewa, hakuna kuongeza. Windows ikishakaa humo na kujisasisha mara mbili tatu, mwenye mashine anaanza kutafuta pa kulala.

Lakini usikimbilie ile ya 24,000! Hapa ndipo kuna kwapa.

Neno "Core i5", jina la chipu ya Intel inayoendesha mashine, limekuwa likiuzwa tangu 2009. Ile ya miaka kumi na mitatu iliyopita ni i5, na ya juzi ni i5. Kijana akikwambia "ni i5 mama" ni kama mtu akuuzie shati kwa kukwambia lina vifungo. Mwambie aiwashe, abonyeze kulia kwenye picha ya "This PC", afungue sehemu ya sifa za mashine, usome namba inayofuata baada ya i5. Ikiandikwa i5-6300U, tarakimu ya kwanza ni 6, hicho ni kizazi cha sita, mashine ya 2015 au 2016. Ikiwa i5-8350U, ni kizazi cha nane. Kuanzia kizazi cha kumi namba zinaanza na 10, 11, 12.

Kwa nini nakusumbua na nane? Kwa sababu Microsoft walifunga huduma ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane na kuendelea, ukiacha vichache sana. Unadhani kwa nini za kizazi cha sita zimekuwa rahisi hivi? Wenyewe kule wamezitoa ofisini kwa wingi. Zinafanya kazi, sikatai, na kuna njia za mkato za kuingiza Windows 11 kwa nguvu, au kuweka Linux. Mimi mwenyewe natumia ya kizazi cha sita hapa mezani. Lakini mimi ni fundi. Binti wako hatakuwa na fundi hosteli.

Na usitegemee jina la modeli. EliteBook 840 G3 kwa kawaida ni kizazi cha sita, G5 nyingi ni cha nane, lakini ziko G5 zilizotoka na cha saba. Soma namba.

Kwapa la pili ni betri. Mwambie afungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri (aandike cmd), kisha aandike:

powercfg /batteryreport

Itatengeneza ukurasa na kukuonyesha umehifadhiwa wapi. Ndani yake kuna namba mbili muhimu: betri ilitoka kiwandani ikibeba kiasi gani, na leo inabeba kiasi gani. Kama ya leo ni nusu ya ile ya kwanza, punguza bei. Kama kijana anakataa kuandika, ondoka.

La tatu, izime, iwashe, halafu gonga F10 mfululizo (hiyo ni kwa HP, inafungua mipangilio ya ndani ya mashine). Ikikuomba nenosiri kabla ya kukufungulia, kufuli la ofisi ya zamani bado liko ndani. Irudishe kwenye rafu.

Mengine utayaona kwa jicho lako la belo. Fungua na ufunge mfuniko, bawaba isilie wala isilegee. Andika herufi zote kuanzia A. Chomeka flashi kila tundu. Weka picha nyeupe kioo kizima utafute madoa, kisha nyeusi.


Mama Mitumba, Luanda (Vihiga)
Jumapili, saa 4:50 usiku

Fundi Mungu akubariki. Nimeandika yote nyuma ya daftari la madeni. Hapo kwa shati lenye vifungo nimecheka hadi mzee akaamka.

Naye anasema nisubiri Januari, bei zitashuka na mpya zaidi zitatoka. Je, ni kweli?

Na simu je? Ya binti ni kabambe, simu ya vibonyezo. Anasema hawezi kwenda chuo na mulika mwizi.


Mwalimu Mstaafu (Bungoma)
Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Dada yangu, mwambie mzee kuna kampuni iliyouawa na kusubiri.

Mwaka 1981 kule Marekani, mtu aitwaye Adam Osborne alianza kuuza tarakilishi ya kubebeka, Osborne 1, kwa dola 1,795. Kubebeka kwa maana ya kwamba ilikuwa na mpini. Uzito wake kilo 11 hivi, sawa na gorogoro tano za mahindi, na kioo chake kilikuwa cha inchi 5, kidogo kuliko cha simu nyingi za sasa. Betri haikuwa nayo, ukifika uendako unatafuta soketi. Hata hivyo watu waliigombania, kwa sababu alitia ndani programu za kuandikia na za hesabu bila kuzitoza mbali. Kisha 1983 habari za modeli zijazo zikaenea kabla hazijawa tayari. Wanunuzi wakasema ngoja tusubiri hiyo. Maduka yakaacha kuagiza, na kabla ya mwaka kuisha kampuni ilikuwa imefilisika. Wapo wanaosema kulikuwa na madeni na sababu nyingine pia, nami nakubali, lakini wafanyabiashara wa mashine hadi leo humtaja Osborne wakitaka kunyamazishana.

Umbo hili la kufunua kama kitabu nalo lilitoka 1982, katika mashine iliyoitwa GRiD Compass. Bei yake dola 8,150! Ilipanda hadi angani na vyombo vya NASA. Leo umbo lile lile linauzwa Kisumu pamoja na mkoba.

Modeli mpya itatoka kila Januari hadi sisi sote tufe. Binti anaripoti lini? Basi.

(Na jamani, tulipofundisha tulisema kipakatalishi. Naona hapa ni laptopu, laptopu. Sawa. Nimeshastaafu.)


Zamani Promota (Nakuru)
Jumatatu, saa 7:05 mchana

Mama, kuhusu simu nisikilize mimi, kwa sababu nilikuwa yule msichana mwenye tisheti.

Miaka minne nilisimama mbele ya duka hapa mjini Nakuru, Kenyatta Avenue, spika iko nyuma yangu, puto zimefungwa mlangoni. Kampuni siitaji. Mshahara ulikuwa mdogo, kamisheni ndiyo chakula, na kamisheni haikuwa sawa kwa simu zote. Jumatatu tunaambiwa: wiki hii sukumeni hii. Si kwa sababu ni nzuri. Ni kwa sababu imejaa stoo na nyingine iko njiani. Mteja akiingia anataka simu ya kukaa na chaji, natakiwa atoke na ile ya kusukumwa. Sijivunii, ila mtoto wangu alikula.

Tulifundishwa mambo matatu ya kutaja, nayo bado yako kwenye kila bango.

Moja ni RAM. Utaona imeandikwa 8GB kwa herufi kubwa, na chini kwa herufi za mchwa, 4+4. Hiyo 4 ya pili si RAM. Simu inakata kipande cha ile hifadhi ya picha zako na kukitumia kama RAM ya kuazima, na hifadhi iko polepole kuliko RAM mara nyingi sana. Ni kama kusema nyumba yako ina vyumba viwili kwa sababu unaweza kulala kwenye veranda. Mteja akiniuliza, nilikuwa nasema "inajiongeza". Si uongo. Si kweli pia.

Mbili ni megapikseli. 50 inasikika kubwa kuliko 12, na mteja analipa. Picha hutegemea ukubwa wa kihisi chenyewe, lenzi na programu inayoichakata, namba hiyo peke yake haikwambii kitu. Zile duara tatu mgongoni, moja ndiyo kamera ya kazi. Nyingine kwenye simu za bei ya chini huwa ni ya 2MP, na kuna ambazo ni pambo tu.

Tatu ni neno "AI". Wakati wangu lilikuwa linamaanisha kwamba kamera inatambua sahani ya chakula.

Lakini nisiseme mabaya tu. Watu hucheka Tecno, itel na Infinix kana kwamba zilishinda kwa kupaka rangi kuta, na kweli kuta zilipakwa, kuna barabara uliona bluu hadi ukachoka. Mwenye hizo tatu ni kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, iliyoanza 2006. Ni Wachina, lakini kwao China hukuziona madukani, walikuja kutuuzia sisi. Walikuta nini? Walikuta mtu mmoja ana laini mbili na simu moja, kila saa anafungua mgongo wa simu kubadilisha, kwa sababu kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali. Mnakumbuka Agosti 2010, Zain (leo Airtel) waliposhusha bei ya kupiga hadi shilingi 3 kwa dakika? Kila mtu alikuwa na laini ya pili siku hiyo. Wakaweka nafasi mbili. Nokia, mfalme wetu, alichelewa hapo. Wakakuta umeme unapotea, wakaweka betri kubwa. Wakakuta kamera za wengine zinatufanya makaa, sura haionekani ila meno, wakarekebisha kamera isome ngozi nyeusi. Hiyo haikuwa tisheti wala puto.

Kwa hiyo mama, kwa binti, uliza RAM halisi ni ngapi, usikubali chini ya 4. Hifadhi 64 au 128. Betri 5,000. Yanayobaki kwenye boksi mwachie mwenye spika. Na kabla hujatoa pesa bonyeza *#06#, tarakimu 15 zitakazotokea zilingane na za kwenye boksi. Kama ni ya mkono wa pili, na mwenyewe hana boksi wala risiti, unajua ilivyokuwa Machi.


Kijana wa Kakamega
Jumatatu, saa 7:31 mchana

Sasa kumbe yangu ya "16GB" ni nane na veranda?


Zamani Promota (Nakuru)
Jumatatu, saa 7:33 mchana

Pole.


Fundi wa Kondele (Kisumu)
Jumatatu, saa 3:10 usiku

Leo nimekuwa na simu saba zenye tundu la chaji bovu, mikono imechoka, lakini mama umetaja mulika mwizi na siwezi kupita.

Usimwachie binti aitupe. Mimi hii meza niliifungua kwa ajili ya Nokia 1100. Ilitoka 2003, zikauzwa karibu milioni 250 duniani, na sijui kama kuna kifaa kingine cha umeme kilichowahi kufikia umaarufu huo Nyanza na Magharibi, labda redio. Waliochora ile simu waliwaza mtu kama sisi. Vibonyezo vyote ni kipande kimoja cha mpira, vumbi haliingii. Ubavuni ina mistari ya kushikika, mkono wenye jasho au wenye omena hauitelezeshi. Juu ina tochi. Nani aliomba tochi kwenye simu? Hakuna. Lakini ulipotoka chooni saa nane usiku ukaona njia, ulinunua. Jina la mulika mwizi tulilipa sisi wenyewe, kampuni haikulipia tangazo hata shilingi. Hata betri yake, BL-5C, imeizidi umri, nenda Kibuye leo utaikuta ndani ya vile viredio vidogo vya wazee.

Na M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilianza ndani ya simu kama hizo. Haikutaka intaneti wala kioo cha kugusa, ilikaa kwenye menyu ya laini. Kama ingengoja simu janja, mama yangu kule Siaya angengoja naye.

Zile za kuigiza nazo nimezishika. Zilikuwa na laini mbili, hadi nne, antena ya televisheni, spika ya kuamsha kijiji, jina limeandikwa karibu-karibu na Nokia lakini herufi moja imekosewa makusudi. Watu walidhani kila moja imebuniwa na mtu. Hapana. MediaTek ya Taiwan ilikuwa inauza chipu pamoja na mchoro na programu, karibu simu nzima, na karakana yoyote kule Shenzhen ikavisha kava lake. Nikizifungua ndani zilifanana kama mapacha. Nyingi hazikuwa na namba ya IMEI (zile tarakimu 15 za kutambulisha simu) ya kweli, au mia zilikuwa na namba moja. Ndiyo serikali ikasema zitazimwa, na mwisho ulikuwa usiku wa 30 Septemba 2012. Asubuhi ya Jumatatu nilikuta foleni mlangoni kabla sijafungua. Mzee mmoja alikuwa amefunga yake kwa leso. Akaniambia, fundi, haijaanguka, haijanyeshewa, ilikuwa inaongea jana. Ningemwambia nini? Nilibadilisha betri mbele yake ili aone nimejaribu.

Haya. Laptopu ndiyo ya shule, simu janja ndiyo ya hao rafiki zake, na kabambe ndiyo ya siku nyingine zote mbili zikizima. Asiitupe.


Mama Mitumba, Luanda (Vihiga)
Alhamisi, saa 1:55 usiku

Wadau, nimerudi.

Jana sikufungua kibanda. Nilishuka Kisumu na daftari la madeni. Duka la kwanza nikamwambia kijana, iwashe, nionyeshe namba baada ya i5. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema "mama hiyo ni mambo ya mafundi." Nikamwambia hata mimi ni fundi, wa suruali. Ilikuwa i5-6300U. Sita, kama fundi alivyosema. Nikamshukuru, nikamwachia.

Duka la pili sikuingia. Nilipita.

La tatu, kwenye ngazi za nyumba moja ya ghorofa, ndani kuna msichana peke yake, laptopu zimepangwa kama viatu. ThinkPad T480. Juu ya 3 pana £. Nikasoma: i5-8350U. RAM 8, SSD 256. Alitaka 32,000. Nikamwambia andika ile amri ya betri. Hakukataa, aliandika haraka kuliko nilivyosoma, akasema wewe ni wa kwanza mwaka huu. Hii ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa. Ya ndani nzuri. Ya nje imebaki chini ya nusu. Nikamwambia, binti yangu, suruali ikikosa kifungo kimoja mimi huuza vipi? Akacheka, akashuka hadi 28,500 na chaja na mkoba. Huyo nikimpata Luanda nitampa kazi.

Zilizobaki ni 6,500, ile ile bei ya Machi, nikaona ni mkosi, sikununua simu. Baba yake atampa yake, naye mzee arudi kwa kabambe. Amenuna lakini amekubali, anasema angalau ina tochi.

Binti ameshaiwasha mara kumi. Anaandika jina lake tu, anafuta, anaandika tena.

Swali moja la mwisho kwa fundi. Mfuniko una gundi ya stika ya ofisi ya zamani, inanasa vumbi, herufi mbili bado zinasomeka. Nguo mimi huitoa kwa mafuta ya taa. Hapa itakubali?


Fundi wa Kondele (Kisumu)
Alhamisi, saa 2:20 usiku

T480! Mama umechukua kamera.

Mafuta ya taa hapana, yatafifisha rangi na binti atanuka jiko darasani. Tumia spiriti ya hospitali, weka kwenye kitambaa, usimwage kwenye laptopu. Na izime kwanza. Hiyo betri ya nje usiitupe, nitumie picha ya nyuma yake nikuangalizie bei ya nyingine.